Maisha ya Dražen Petrović: Asiyekujua Hakuthamini

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki. Najua kwamba wengi hupenda kuandika juu ya wafalme, wavumbuzi wa dawa na wapigania uhuru, na wote hao wanastahili sifa. Mimi nimechagua mchezaji wa mpira wa kikapu, na kabla sijaanza ni haki yenu mjue sababu yangu.

Mwaka 2011 nilikuwa nahodha wa mpira wa kikapu katika shule yetu. Michezo ya shule za wilaya ilipokaribia, mwalimu wa michezo aliniagiza nimwandikie majina ya wachezaji 12. Wakati ule palikuwa na mvulana mmoja aliyehamia kwetu muhula ule ule kutoka Goma. Kiingereza kilimshinda, lugha ya wenyeji hakuijua kabisa, na Kiswahili chake tuliokielewa tulikuwa wachache. Alijizoeza peke yake alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza. Nilimwona mara mbili tatu akitupa mpira kutoka mbali, nao ukaingia kikapuni bila kugusa chuma. Hata hivyo, nilipokaa na kalamu mkononi, niliandika majina ya rafiki zangu na ya wale waliocheza mwaka uliotangulia. Jina lake halikunijia. Orodha ilipobandikwa ukutani alikuja akaisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akaondoka bila kusema neno. Muhula uliofuata hakurudi, wala sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Dražen Petrović, na kila ukurasa ulinikumbusha ule mgongo wa yule mvulana akienda zake. Basi sikilizeni habari zake.

Dražen Petrović alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1964 katika mji wa Šibenik, ulio kando ya Bahari ya Adriatic katika nchi ya Kroatia. Siku zile Kroatia ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Kaka yake, Aleksandar, alimtangulia katika mpira wa kikapu, naye Dražen akafuata nyayo zake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alipata ufunguo wa ukumbi wa michezo wa mji wao, ili aweze kuingia alfajiri kabla ya masomo. Humo alitupa mpira mamia ya mara, peke yake, ndipo akaenda darasani. Desturi hiyo ya kujizoeza kupita kiasi hakuiacha mpaka alipokufa.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 tu aliingia katika timu ya watu wazima ya mji wao, iitwayo Šibenka. Timu hiyo ilikuwa ndogo, lakini yeye akiwamo ilifika fainali ya Kombe la Korać, moja ya makombe ya Ulaya, mwaka 1982 na tena mwaka 1983. Mara zote mbili ilishindwa na Limoges ya Ufaransa.

Mwaka huo wa 1983 lilimpata jambo ambalo lingeweza kumvunja moyo kijana mwingine. Šibenka ilikuwa ikishindana na Bosna ya Sarajevo katika mchezo wa mwisho wa kugombea ubingwa wa Yugoslavia. Muda wa mchezo ulikuwa umekwisha, Šibenka ikiwa nyuma kwa pointi moja, lakini mwamuzi aliamua kwamba Petrović alikuwa amechezewa vibaya, akampa mitupo miwili ya adhabu. Kijana wa miaka 18 akasimama mbele ya kikapu, mji mzima ukimtazama, akaitia yote miwili. Šibenka ikashinda 83 kwa 82, na watu wakasherehekea usiku kucha. Kesho yake chama cha mchezo huo kiliyafuta matokeo, kikisema kwamba mwamuzi alikosea, na kikaamuru mchezo urudiwe. Šibenka ilikataa kurudia, na ubingwa ukapewa Bosna. Kwa hiyo Petrović alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kufanya kazi yake yote barabara, na bado watu waliokaa mezani wakaamua vingine.

Baada ya kutumika jeshini, mwaka 1984 alijiunga na Cibona ya Zagreb, aliyokuwamo kaka yake. Hapo ndipo Ulaya yote ilipomtambua. Mwaka 1985 Cibona ilichukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya kwa kuifunga Real Madrid mjini Athens, naye peke yake alipata pointi 36. Mwaka uliofuata walilichukua tena, safari hii mbele ya Žalgiris ya Kaunas. Katika mchezo mmoja wa ligi, mwezi Oktoba 1985, alifunga pointi 112. Kusema kweli, siku hiyo wapinzani wao wa Ljubljana walileta vijana wachanga tu. Lakini hata ukifunga mbele ya watoto, 112 ni hesabu ya kutisha.

Mwaka 1988 alikwenda Hispania kuchezea Real Madrid, timu ile ile aliyoitesa zamani. Alikaa huko msimu mmoja tu. Katika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1989, dhidi ya Caserta ya Italia, alifunga pointi 62. Mwaka huo huo alikuwa katika timu ya Yugoslavia iliyochukua ubingwa wa Ulaya, na mwaka 1990 ikachukua ubingwa wa dunia huko Argentina.

Bila shaka mtu aliyekwisha pata hayo yote angeweza kukaa kwao akala matunda ya jasho lake. Yeye alitaka kujipima na wachezaji wa ligi kuu ya Marekani, iitwayo NBA, ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa kilele cha mchezo huo. Timu ya Portland ilikuwa imemchagua tangu mwaka 1986, akiwa mtu wa 60 katika orodha ya vijana waliochaguliwa mwaka huo. Tazameni jambo hili: mabingwa wa Ulaya walikuwa wakimtegemea yeye, na katika orodha ya Marekani walitangulia watu 59.

Alifika Portland mwaka 1989. Huko alikuta nafasi yake imeshikwa na Clyde Drexler na Terry Porter, wachezaji hodari sana, na kwa hiyo akawekwa kwenye benchi. Msimu wa kwanza alicheza dakika 12 hivi kwa kila mchezo. Msimu wa pili zikapungua hata kufika kama 7. Wengi walisema kwamba hana mbio za kutosha, na kwamba hawezi kumzuia mpinzani. Watu wa Ulaya waliomjua walishangaa, maana ilikuwa kama kumwona nahodha wa jahazi akipewa kazi ya kuteka maji yaliyoingia chomboni.

Mwezi Januari 1991 alihamishiwa timu ya New Jersey Nets. Timu hiyo ilikuwa dhaifu, tena ilicheza ng'ambo tu ya mji wa New York, ambako timu ya Knicks ndiyo iliyopendwa na kuandikwa magazetini. Lakini Nets walimpa kitu alichokitaka kuliko vyote, yaani nafasi ya kucheza. Katika msimu wa 1991 hadi 1992 alicheza michezo yote 82, akapata wastani wa pointi 20.6 kwa kila mchezo. Kiangazi cha mwaka 1992, Yugoslavia ikiwa imekwisha vunjika kwa vita, aliiongoza Kroatia katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mpaka fainali. Huko walikutana na timu ya Marekani ya Michael Jordan, Magic Johnson na Larry Bird. Walishindwa 117 kwa 85, lakini Petrović alifunga pointi 24 mbele ya majabali hao, na Kroatia ikapata medali ya fedha.

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari yangu. Kila mwaka, katikati ya msimu, ligi ya Marekani hufanya Mchezo wa Nyota, ambamo wachezaji bora hukusanywa. Siku zile timu zilikuwa mbili, moja ya Mashariki na moja ya Magharibi, kila moja watu 12. Watano wa kuanza walichaguliwa kwa kura za watazamaji. Saba waliobaki walichaguliwa na walimu wa timu za upande ule, na sheria ilimkataza mwalimu kumpigia kura mchezaji wake mwenyewe.

Mwaka 1993 mchezo huo ulifanyika Salt Lake City mwezi Februari. Petrović alikuwa katika msimu wake bora kuliko yote. Ulipokwisha, wastani wake ulikuwa pointi 22.3 kwa kila mchezo, naye alikuwa mtu wa 11 katika ligi nzima kwa kufunga. Katika kila mitupo 100 ya mbali, ile ya pointi tatu, alitia karibu 45. Wote kumi waliomtangulia kwa kufunga waliitwa kwenye Mchezo wa Nyota. Hata Larry Johnson, aliyemfuata nyuma yake, aliitwa. Yeye hakuitwa.

Kwa nini? Nimelifikiri swali hili mara nyingi, na nadhani sababu zilikuwa kadhaa.

Ya kwanza ni watazamaji. Mtazamaji humpigia kura mtu anayemjua na kumpenda, na mapenzi hayafi upesi. Isiah Thomas wa Detroit, aliyeanza pamoja na Jordan, alikuwa mchezaji mkubwa sana aliyechukua ubingwa mwaka 1989 na 1990. Lakini msimu ule wa 1993 wastani wake haukufika pointi 18. Watu walikuwa wakimlipa kwa kazi ya miaka iliyopita, na sikuona ubaya wao, maana hata sisi shuleni tulifanya hivyo hivyo.

Ya pili ni timu. Walimu wa timu hupenda kuwatunza wale wanaoshinda. Cleveland, iliyokuwa ikifanya vizuri sana, ilitoa watu watatu: Mark Price, Brad Daugherty na Larry Nance. Nets hawakutoa hata mmoja. Anayecheza katika timu ndogo iliyo kivulini mwa mji mkubwa hana budi kufanya mara mbili ili aonekane mara moja.

Ya tatu ni nafasi zenyewe. Katika upande wa Mashariki walikuwako wachezaji wengi wazuri wa nafasi yake, na Joe Dumars aliyeitwa alikuwa amefunga kuliko yeye. Haki isemwe: waliochaguliwa hawakuwa wabovu. Orodha ya watu 12 lazima imwache mtu nje, na mwenye kulia kwamba kaonewa hana budi pia kuonyesha nani atoke.

Ya nne ndiyo iliyonigusa zaidi. Wengine walisema kwamba Petrović aliachwa kwa sababu ni mgeni. Lakini Hakeem Olajuwon wa Nigeria alikuwa akiitwa tangu mwaka 1985. Jirani yetu Dikembe Mutombo wa Kongo aliitwa mwaka 1992, katika msimu wake wa kwanza. Na katika orodha ile ile ya 1993 alikuwamo Detlef Schrempf, mzaliwa wa Ujerumani. Basi ugeni peke yake hautoshi kuwa sababu. Tofauti yao ni hii: hao wote watatu walisoma na kucheza katika vyuo vikuu vya Marekani, na Wamarekani waliwaona wakikua, wakazoea majina yao. Petrović alifika huko akiwa mtu mzima. Sifa zake zote alizipata mbali na macho yao, katika miji ambayo wengi wao hawakuweza kuionyesha kwenye ramani. Tena mtu aliyemjua kuliko wote, mwalimu wake Chuck Daly, ambaye ndiye aliyeongoza timu ya Marekani kule Barcelona, sheria ilimzuia kumpa kura.

Tuna methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeanza kuitilia shaka. Kizuri hujiuza pale tu kinapoonekana. Methali iliyo ya kweli zaidi ni ile nyingine, kwamba asiyekujua hakuthamini.

Jambo hilo lilimuuma Petrović sana, wala hakulificha. Alianza kufikiri kurudi Ulaya mkataba wake utakapokwisha. Lakini uwanjani hakulegea. Alimaliza msimu kwa kufunga kama alivyouanza, akaisaidia Nets kuingia katika mashindano ya mwisho ya kugombea ubingwa. Kisha msimu ulipokwisha, waandishi na watangazaji wa michezo walipochagua wachezaji 15 bora wa mwaka, jina lake lilikuwamo. Mwezi Februari hakuonekana kustahili kuwa mmoja wa nyota 24, na baada ya miezi michache alihesabiwa miongoni mwa 15. Mchezaji ni yule yule. Waliobadilika ni waliokuwa wakihesabu.

Ole wetu, hakupata muda wa kuufaidi mwanga huo. Mwezi Juni 1993 alikwenda Polandi kuichezea Kroatia. Wakati wa kurudi, timu ilipofika Frankfurt, wenzake walipanda ndege ya kwenda Zagreb, na yeye akaamua kusafiri kwa motokaa pamoja na rafiki. Tarehe 7 Juni mvua ilikuwa ikinyesha katika barabara kuu ya Ujerumani, karibu na Denkendorf. Lori moja lilikuwa limepoteza mwendo na kuziba njia, na motokaa yao ikaligonga. Petrović, aliyekuwa abiria tu, alifariki pale pale. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alizikwa Zagreb katika makaburi ya Mirogoj, na nchi yote ya Kroatia, iliyokuwa bado katika taabu za vita, iliomboleza.

Baada ya hapo heshima zilikuja kwa wingi. Tarehe 11 Novemba 1993 Nets waliondoa namba yake, namba 3, ili asiivae mchezaji mwingine. Ukumbi wa Cibona ukapewa jina lake. Mwaka 2002 aliingizwa katika Nyumba ya Mashujaa wa mpira wa kikapu huko Springfield, Marekani. Mwaka uliotangulia, Vlade Divac, aliyecheza naye zamani katika timu ya Yugoslavia, na ambaye kama yeye alitoka Ulaya moja kwa moja bila kupita chuo cha Marekani, alikuwa amealikwa kwenye Mchezo wa Nyota. Tangu hapo vijana wa Ulaya wameitwa wengi, na hakuna anayeshangaa. Wanapita katika mlango ambao Petrović aliugonga kwa nguvu mpaka bawaba zikalegea, ingawa yeye mwenyewe hakufunguliwa.

Ndugu zangu wanafunzi, nina maneno mawili ya mwisho. La kwanza ni kwa wale ambao jina lao halikusomwa, iwe katika timu, katika ukiranja au katika tamthilia ya mwisho wa mwaka. Huzuni yenu ni halali. Hata bingwa wa dunia aliona uchungu. Lakini ufunguo wa ukumbi usiutupe. Orodha huandikwa na watu, na watu huona sehemu tu ya uwanja. Endelea kutupa mpira alfajiri, kwa sababu mkono uliozoea kazi hauwezi kufutwa na karatasi ya mtu.

La pili ni kwa wale watakaopewa kalamu, kama nilivyopewa mimi. Kabla hujaandika jina la kwanza, zunguka uwanja. Waulize walioamka mapema wamemwona nani. Umtafute asiye na rafiki wa kumsemea, na asiyejua lugha yako vizuri, umtazame akicheza mchezo mzima. Huenda ukaona kwamba hafai, na hapo utamwacha kwa haki. Lakini usimwache kwa sababu tu hukumtazama.

Na kama yule ndugu yangu wa Goma atapata kuusoma ukurasa huu popote alipo, ajue kwamba jina lake ndilo ambalo ningeliandika la kwanza leo.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani